Viza Fupi

Haya nimeyapata kwa Mama Vifungo, yule anayetoboa matundu na kushona vifungo vya sare kwenye chumba cha mafundi, mwaka jana shule zilipokaribia kufunguliwa. Nilimpelekea sketi ya mjukuu wangu ipunguzwe kiuno, nikakuta watu wengi, nikaambiwa nikae ningoje. Nikakaa. Kazi ya vifungo ni ya mikono tu, mdomo unabaki huru, na wa Mama Vifungo haupendi kukaa bure. Mengi aliyaona kwa macho yake. Yaliyobaki aliambiwa na Fundi mwenyewe.

Fundi ndiye mwenye chumba. Ni mwanamke mrefu, mkimya, ambaye mara nyingi ana pini mdomoni, kwa hiyo wateja wamezoea kumwelewa kwa macho. Chumba kina vyerehani vitatu, meza ya kukatia iliyoliwa ukingoni na mikasi, na marundo ya sare yaliyofungwa kwa mapande ya kitambaa, kila shule na rundo lake. Nyuma ya pazia ndipo anapoishi: kitanda kimoja, jiko, ndoo mbili, na dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani.

Ana binti mmoja. Tangu alipoanza kutambaa, binti huyo alimfuata mama yake kila anakokwenda. Fundi akienda dukani kununua uzi, yumo nyuma. Akienda msalani, anamkuta mlangoni ameketi, ameshika kiatu. Wakamwita Mkia, na jina likamkaa.

Baba yake alikuwa mtu wa nchi nyingine, amekuja na kampuni iliyojenga barabara. Kazi yake kupima ardhi kwa kile chombo cha miguu mitatu, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mpima. Alifika pale kushonewa mfuko wa kubebea chombo chake. Mfuko ule ulikuwa wa kazi ya siku moja, ukachukua karibu mwezi, na Mama Vifungo alipoona Mpima anakuja kila jioni kuulizia mfuko huku haulizii mfuko, akajua pana jambo. Wakaoana. Mkia alipozaliwa, Mpima alimbeba mpaka ubalozi wa kwao akamtolea pasipoti nyekundu, kisha akambeba mpaka ofisi ya hapa akamtolea ya kijani. Nchi hii haitaki mtu mzima awe na uraia wa sehemu mbili, ila mtoto huvumiliwa mpaka atimize miaka kumi na minane, hapo huambiwa achague. Wakati ule miaka kumi na minane ilikuwa mbali. Fundi aliviweka vitabu vyote viwili kwenye droo ya cherehani chake, pamoja na bobini za uzi na mafuta ya mashine.

Barabara ilipokwisha, Mpima naye akaisha. Alisema anatangulia kwao kutafuta nyumba, akishatulia atawaita. Alitulia, tena alitulia vizuri, maana habari iliyofuata ni kwamba ana mke. Ndoa ikavunjwa mahakamani bila kelele, na mahakama ya hapa ikasema mtoto ni wa kukaa kwa mama. Mpima hakubisha. Miaka ikapita, Mkia akawa mkubwa wa kumpitishia mama yake uzi kwenye sindano, kisha akawa mkubwa wa kukata kola kwa kufuata kiolezo bila kupotoka.

Alipokuwa na miaka kumi, simu ikalia.

"Nataka aje likizo ndefu," Mpima alisema. "Ana mdogo wake huku. Ajue kwao."

"Kwao ni hapa," Fundi akamjibu.

"Basi ajue kwao kwingine. Ni likizo tu, mama Mkia. Likizo ikiisha namrudisha."

Fundi angekataa papo hapo. Tatizo ni kwamba simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa kwenye kitambaa, na Mkia alikuwa pale chini ya meza anaokota pini kwa sumaku. Alitoka chini ya meza na uso ambao Fundi hakuwahi kuuona. Aliuliza kama huko kuna baridi. Aliuliza kama mdogo wake anajua kuongea. Siku tatu hakuna lingine ndani ya chumba kile.

Kwa nje Fundi alitulia, ila ndani alikuwa anaungua. Hofu yake ilikuwa moja tu, na Mama Vifungo aliijua: mtoto akishafika huko, nani atamrudisha? Mahakama ya hapa huko haina meno. Basi akamwita mdogo wake wa kiume washauriane.

Mdogo wake huyu ni mpiga picha za pasipoti. Ametundika shuka jeupe kwenye ukuta ulio nje ya ofisi ya uhamiaji, ana kigoda kimoja, na kutwa anawaambia watu, "Usicheke. Inua kidevu. Masikio yaonekane." Jina lake likawa Masikio, hata watoto wake wanamwita hivyo akiwa hayupo. Kwa kusimama kwake pale nje miaka yote, anajiona yeye ndiye sheria ya nchi.

"Dada, unajinyima usingizi bure," alisema, ameshajipatia kiti. "Dawa ya huyu bwana iko kwenye vitabu."

"Dawa gani?"

"Mtoto ana viwili, si ndiyo? Akienda na chekundu, anaingia kwao kama anaingia jikoni. Hakuna wa kumuuliza anatoka lini. Lakini akienda na cha kijani ni mgeni, lazima agongewe viza. Viza ina tarehe. Tarehe ikifika, serikali yao wenyewe inamfuata Mpima nyumbani: bwana, rudisha mtoto wa watu."

Mama Vifungo aliacha kushona. "Haya umeyasoma wapi?"

"Nimesimama kwenye ofisi ile tangu nina nywele."

"Nje ya ofisi, nimekusikia. Ndani umefika?"

"Wewe endelea na vifungo vyako."

Lakini Fundi alikuwa ametoa pini mdomoni, na Mama Vifungo anasema hapo alijua maneno yameingia. Mtu aliyezoea kushona anaamini kwamba kila kitu kina mahali pa kukifungia. Viza ile aliiona kama kifungo: utamfungua mtoto aende, utamfunga arudi.

Siku ya ubalozi walivaa vizuri. Mkia alivaa gauni jipya lenye mifuko miwili. Fundi alibeba cha kijani, alichokwisha kukihuisha mara moja, kwenye mkoba, chekundu akakiacha kwenye droo. Walipanga mstari nje, wakapekuliwa, wakapanga mstari mwingine ndani, wakaketi kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa, ambavyo mmoja akijitingisha wote mnatingishika. Mbele yao mzee mmoja alikuwa anaomba viza ya kwenda kumwona mwanawe hospitalini. Alinyimwa. Alikunja karatasi zake taratibu, akasema asante, akatoka. Fundi akaingiwa na woga kwamba na yeye atanyimwa, akawa anaomba kimoyomoyo apewe, hata iwe ya siku chache. Hizo chache ndizo alizozitaka.

Dirishani alikaa mwanamke mwenye miwani, nyuma ya kioo kinene, anaongea kwa kipaza sauti kidogo.

"Mtoto anakwenda kwa nani?"

"Kwa baba yake."

"Baba yake anaishi kule kwa kibali gani?"

Fundi akarekebisha mkoba begani. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Ni kwao," akasema.

"Ni raia?"

"Ndiyo."

Yule mwanamke akaangalia kwenye kompyuta yake, akabofya, akabofya tena. "Mama, mtoto huyu ameandikishwa hapa tangu akiwa na wiki sita. Ni raia wetu. Ana pasipoti yetu, imeisha muda mwaka juzi."

"Hiyo niachie mimi. Mimi naombea hii ya kijani."

"Hatutoi viza kwa raia wetu."

"Mpeni tu, dada yangu. Hata ya mwezi mmoja. Hata ya wiki tatu."

Nyuma ya yule mwanamke palikuwa na bwana mmoja amesimama na kikombe. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Hii sijawahi kuiona. Watu wanalia hapa wapewe ndefu, mama huyu analia apewe fupi."

"Siyo kwamba nimekataa," yule wa dirishani akaeleza, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma Fundi. "Mtoto hahitaji kuombewa. Ana haki ya kuingia na kuishi kule maisha yake yote. Hakuna tarehe ya kumwandikia. Kinachotakiwa ni kuihuisha tu pasipoti yake. Tunahitaji saini ya baba na saini yako."

Maisha yake yote. Fundi alisema maneno hayo yalipita kwenye kioo kama mtu anampongeza.

Saini ya Mpima ilifika mapema kuliko mvua. Ya Fundi ndiyo iliyobaki. Aliwekewa karatasi mbele kwenye dirisha lile lile, na kalamu imefungwa kwa mnyororo mfupi mpaka lazima uiname. Hapo alikuwa na uwezo. Angesema hapana, mambo yangeishia pale, na hakuna ambaye angemlaumu, hata Mama Vifungo anasema hivyo. Aligeuka akamtazama Mkia. Mkia alikuwa ameshikilia ukingo wa dirisha kwa vidole, amesimama kwa ncha za viatu, hapumui.

Akatia saini. Lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri lingine.

Siku ya safari walikwenda wote, na Masikio akiwamo. Kwa kuwa mtoto alikuwa anasafiri peke yake, alivishwa kadi shingoni na kukabidhiwa mhudumu wa ndege, dada mmoja mwenye skafu, na mama akaruhusiwa kumsindikiza mpaka kwenye kaunta ya uhamiaji. Ofisa wa pale akafungua chekundu kipya, akapekua.

"Huyu aliingiaje nchini? Hakina muhuri wa kuingia."

"Hakuingia," Fundi akasema. "Amezaliwa hapa."

"Basi atoke na cha hapa. Unacho?"

Alikuwa nacho. Alikitoa kwenye mkoba, ofisa akakipiga muhuri wa kutoka, akaviweka vyote viwili pamoja na kumnyooshea mhudumu. Mkono wa Fundi ukawahi. Alichukua cha kijani, akaacha chekundu.

"Mama, asafiri navyo vyote," ofisa akamwambia. "Akirudi ataingia na cha kijani."

"Kikipotea je? Ni mtoto. Nitamtunzia."

"Ni chake."

"Mimi ni mama yake."

Ofisa akainua mabega. Nyuma yao palikuwa na watu. Mkia alikuwa anatazama mkono wa mama yake, si uso.

"Mama, hicho changu."

"Nitakuwa nacho hapa. Ukirudi utakikuta."

"Mjomba alisema nisafiri na viwili."

"Mjomba anajua picha," Fundi akasema. "Nenda, mwanangu. Dada anakungoja."

Akaenda. Aligeuka mara moja, kadi ikiwa imejigeuza mgongoni, kisha kaunta ikamficha.

Njiani kurudi, Masikio alisifu, amesahau alichomwambia mtoto. "Hapo umecheza, dada. Kitabu kikiwa kwako, na mtoto wako. Atakifuata." Mama Vifungo alipohadithiwa alikuwa na shati mkononi. Alikata uzi kwa meno.

Likizo ikaisha. Mpima akapiga simu akiwa na sauti ya mtu aliyekwisha kujizoeza. Alisema mtoto amezoea, ameanza kupelekwa shule ili asikae bure, si vizuri kumkatisha, amalize mwaka. Fundi alipiga kelele mpaka mafundi wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Alikwenda mahakamani, akaambiwa uamuzi wake ni mzuri sana lakini unafika mpakani tu. Alikwenda ubalozini, kwa yule yule mwenye miwani, akaambiwa raia hafukuzwi kwao.

Basi ikabaki simu. Mwanzoni Mkia alilia kila Jumapili. Baadaye akaacha kulia, na Fundi anasema kulia hakukumuuma kama kule kuacha. Alianza kusimulia mambo kwa haraka, marafiki, mwalimu wa kuogelea, mdogo wake aliyeng'oka jino. Kisha maneno yakaanza kumpotea.

"Mama, tunafanya kazi ya mikono shuleni. Nimewaambia mama yangu ni fundi. Nilikata karatasi kwa ile... ile ya kukatia. Inaitwaje?"

"Mkasi."

"Ee. Mkasi."

Siku hiyo Fundi alishona mikono ya kushoto kwenye mabega ya kulia, mashati kumi na mawili ya shule moja, ikabidi yafumuliwe yote.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaelekea mwisho, Mkia mwenyewe ndiye aliyelianzisha. "Mama, nitumie kile kitabu changu cha kijani. Baba anasema ubalozi wa kwetu uko mji wa pili, nikienda nacho wanakihuisha. Wanahitaji cha zamani."

"Kwani unakitaka cha nini?"

"Ni changu tu. Nataka kuwa nacho."

"Njoo ukichukue," Fundi akamwambia. "Kiko hapa mezani. Baba yako akupandishe ndege, uje ukichukue."

Mtoto akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo ya mtu anayejibu mwalimu.

Mama Vifungo alikuwa pale na safari hii hakuuma uzi. "Mwenzangu, tuma. Mwache awe na kitu cha nyumbani mkononi."

"Nikikituma nitabaki na nini?"

"Utabaki na mtoto anayejua kwamba umemtumia."

"Wewe una watano," Fundi akasema. "Wote wako hapa mtaani. Ukitaka kuwaona unaita dirishani."

Mama Vifungo akainamia vifungo vyake. Kwa muda wa wiki nzima waliongea mambo ya kazi tu.

Akaomba mara nyingine, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu hakuomba. Cha kijani kikaisha muda wake kwenye droo, siku ya kawaida ya kushona kola, na hakuna aliyelitaja, ingawa Fundi tarehe ile alikuwa anaijua kama jina lake. Alijiambia kwamba haidhuru, mtoto akitia mguu hapa watakihuisha siku hiyo hiyo, na kitabu kikishakuwa kipya, hatoki tena kwa urahisi.

Mkia alikuwa na miaka kumi na minne Mpima alipokubali. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesumbua, wakamkatia tiketi ya kuja kumwona mama yake likizo. Fundi alifunga kazi wiki nzima, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata alipofiwa. Alipaka chumba rangi. Alinunua godoro jipya la kitanda, akashona mto. Ndege ilikuwa ya kufika alfajiri, nao walifika kabla giza halijaondoka, yeye na Masikio kwenye gari la jirani. Fundi alisimama mlangoni kabisa mwa wanaowasili, cha kijani kimo mkononi, wazi kwenye ukurasa wa picha. Alikuwa amesikia kwamba ikitokea shida, maofisa humwita mzazi ndani. Alikuwa tayari kuitwa.

Hakuitwa. Watu walitoka na mizigo yao, wakakumbatiwa, wakaondoka. Halafu akatoka msichana mrefu, suruali ya jinsi, begi mgongoni, na Fundi alimtazama akampita kwa macho kabla hajarudi kwake. Wakakumbatiana. Mkia alikuwa mgumu kama ubao wa kupigia pasi, kisha akalegea, akaweka uso wake begani kwa mama yake, akanusa.

"Bado unanuka mafuta ya mashine," akasema, na wote wakacheka, na Fundi akadhani mambo yameisha.

Nyumbani Mama Vifungo alikuwa amefagia na kuweka chai. Wakaketi kuzunguka meza ya kukatia. Mkia alikuwa anaongea taratibu, akitafuta maneno kama anayetafuta pini kwenye zulia, macho mekundu kwa kukesha njiani. Masikio, ambaye kazi yake haimtoki hata akiwa mgeni mahali, akanyoosha mkono.

"Hebu lete hicho kitabu, nione walivyokupiga picha huko kwa wajuzi. Masikio yanaonekana?"

Mkia akacheka akampa chekundu. Masikio akaangalia picha, akasikitika kuhusu mwanga, akafungua kurasa nyingine. Akarudia ukurasa mmoja mara mbili. Kwa Masikio hiyo si kawaida.

"Dada," akasema. "Wamemgongea viza."

"Viza ya wapi?"

"Ya hapa. Mgeni. Matembezi. Miezi mitatu." Akasimama. "Wamekosea! Mtoto wa hapa anapewaje viza ya hapa? Kesho naenda uhamiaji, watanijua..."

"Hawakukosea, mjomba," Mkia akasema. "Niliomba mimi."

Fundi aliweka kikombe chini, chai ikamwagika. "Uliomba nini?"

"Yule bwana wa dirishani pale uwanjani alisoma nimezaliwa hapa. Akasema, wewe wa hapa, kitabu cha hapa kiko wapi? Nikasema anacho mama. Akasema mama yuko wapi? Nikasema yuko nje. Akasema basi tumwite, akilete, hata kama kimeisha utaingia nacho." Alikuwa anaviringisha uzi kidoleni, uzi aliouokota mezani. "Nikasema hapana. Nipe viza."

"Nilikuwa mlangoni, Mkia. Nilikuwa nacho hapa mkononi."

"Najua. Kuna kioo. Nilikuona."

"Uliniona ukasema hapana?"

"Nikiingia na hicho, lazima nitoke na hicho. Na hicho unakaa nacho wewe." Akaukaza uzi ule kidoleni. "Na hiki, siku zikiisha naondoka. Hata wewe huwezi kusema kitu."

Mama Vifungo akamshika Fundi mkono chini ya meza.

"Nilikuwa nakutunzia," Fundi akasema.

"Nilikiomba, mama."

"Nikakwambia njoo uchukue. Umekuja, si ndiyo? Haya, chukua!" Akakitupa mezani. Kikateleza juu ya mbao mpaka mbele ya mtoto, kikasimama kwenye chai iliyomwagika. "Chukua! Ndicho hicho!"

Mkia alikitazama. Hakukigusa. Masikio ndiye aliyekiinua akakifuta kwa shati lake.

"Kinahuishwa," Masikio akasema, anajaribu kuwa mchangamfu. "Kesho tu. Nakupiga picha mwenyewe, tunaingia, viza ile inafutwa, unakuwa mtu wa hapa kama zamani."

Mkia akamgeukia mama yake. "Na kikitoka kipya, nitakaa nacho mimi?"

Mama Vifungo anasema pale ndipo palipokuwa pa kusema ndiyo. Neno moja, hata lisingekuwa la kweli sana. Walimtazama Fundi wote watatu. Fundi alifungua mdomo, na yaliyompitia kichwani ni kaunta ile, na kadi imejigeuza mgongoni, na Jumapili zote zile. Alitaka kusema ndiyo. Alikuwa analitafuta, na muda ukawa unapita, na kila muda ulivyopita kimya kile kikawa kinajibu badala yake.

"Nimechoka," Mkia akasema. "Naweza kulala?"

Fundi akasimama, akafunua pazia. "Lala kitandani."

"Na wewe?"

"Wewe ni mgeni. Mgeni halazwi chini."

Mama Vifungo anasema lile neno lilitoka kavu, na mtoto alilipokea vile vile, kavu, akavua viatu, akavipanga ukutani kama wanavyopanga watu kwenye nyumba za wengine. Kabla pazia halijatulia alikuwa ameshashikwa na usingizi, jua likiwa juu na mtaa umejaa kelele. Mama Vifungo akaosha vikombe, akaenda kwake. Masikio akasema anapumzisha macho kidogo tu, akalala kwenye kiti, kichwa kwenye rundo la sare za bluu, cha kijani kimo mfukoni mwake.

Fundi akaketi kwenye cherehani. Hakuweza kushona, mashine ingepiga kelele. Akakata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati, moja moja, kwa mkasi mdogo. Zilipokwisha akatandika vipande vya kitambaa chini, akajilaza pale mlangoni, mwili umeziba njia kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Alimwambia Mama Vifungo kwamba ni kwa sababu hapakuwa na nafasi pengine. Akawa anasikiliza pumzi za nyuma ya pazia, ndefu, za mtu mzima karibu. Akazisikiliza, akazisikiliza, mpaka na yeye usingizi ukamchukua.